Kinachowaka ni Mvuke

Petroli na mafuta ya taa hutokana na mafuta ghafi yale yale, lakini namna yanavyoshika moto ni tofauti kabisa, na kutoijua tofauti hiyo kumeangamiza watu wengi katika barabara za Afrika Mashariki na Kongo. Kiwandani, mafuta ghafi hupashwa moto hadi kufikia nyuzi 350 hivi za Selisiasi, kisha huingizwa katika mnara mrefu ambamo mvuke hupanda huku ukipoa, na kila aina hurudi kuwa kimiminika katika kimo chake: dizeli chini, mafuta ya taa juu yake, na petroli, iliyo nyepesi kuliko hizo, karibu na kilele.

Wepesi huo ndio wenye hatari. Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, na wataalamu hupima hatari kwa kiwango cha mweko, yaani joto dogo kabisa ambalo mafuta hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Kwa mafuta ya taa ni nyuzi 38 au zaidi, ndiyo maana kibatari hakiwaki bila utambi unaoyanyonya na kuyapasha moto kidogo kidogo. Kwa petroli ni kama nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo hata usiku wa baridi milimani petroli iliyomwagika hutoa mvuke wa kulipuka, ambao kwa kuwa ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi, haupandi kama moshi bali hutambaa, hujaa mitaroni na kulifuata jiko la mama lishe lililo mbali na ilipomwagika.

Sachangwan nchini Kenya Januari 2009, Sange huko Kivu Kusini Julai 2010, Msamvu mjini Morogoro Agosti 2019: kila mahali lori la mafuta lilipinduka, na waliokufa walizidi 100. Kila mara ilitajwa tamaa ya waliochota petroli iliyomwagika, na lawama hiyo haiwatendei haki watu waliozoea mafuta ya taa yanayomwagika sakafuni yakafutwa kwa tambara bila madhara. Tena huko Sange wengi hawakuchota hata tone. Moto uliwakuta ndani ya mabanda, wakitazama Kombe la Dunia.