Fedha za Kukuza Biashara za Mjini: Ni Haki, Si Hisani

Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa matawi ya mjini



Tumetakiwa tuseme machache juu ya jambo linaloulizwa katika kila tawi. Mwenye meza ya nguo Darajani, mwenye cherehani mbili Kikwajuni, mwenye jiko la mikate Mwanakwerekwe, atapata wapi fedha za kuikuza kazi yake? Na akijua ziliko, je, zitamfikia hata ikiwa hana kadi ya chama kinachotawala?

Kwanza tutenganishe maneno mawili yanayochanganywa. Ruzuku hairudishwi, mkopo hurudishwa. Ruzuku ni adimu, na aghalabu haiji kwa noti mkononi, bali huja kwa sura ya mafunzo, ya mashine, au ya mahali pa kufanyia kazi. Anayengoja noti za bure atangoja sana. Kilicho kingi zaidi ni mkopo wa masharti mepesi, nao ndio wa kuutafuta.

Hapa Unguja na Pemba iko Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, inayojulikana kwa herufi za ZEEA, na iko Wakala ya viwanda vidogo na vya kati, SMIDA. Milango hiyo ni ya Serikali, si ya chama. Mikopo isiyo na riba imekuwa ikitolewa kwa wafanyabiashara wadogo kupitia ZEEA na benki, na katika visiwa ambamo wengi wetu twaikimbia riba kwa ajili ya dini, jambo hilo si dogo.

Wazee wetu waliujua ubaya wa deni. Mashamba ya karafuu yaliwekwa rehani msimu baada ya msimu, hata mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikalazimika kutunga sheria ya kuwekea mipaka uhamishaji wa mashamba. Leo rehani si shamba tena, ni friji, ni cherehani, ni vyombo vya ndani, na watu wenyewe wameipa mikopo hiyo jina lake: kausha damu. Kila mfanyabiashara ambaye mlango wa umma umefungwa mbele yake, huo ndio mlango unaobaki wazi.

Tutazame na wenzetu wa Bara. Huko, sheria ya fedha za serikali za mitaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, yazilazimisha halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria njema. Lakini Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kufichua fedha zisizorejeshwa na vikundi visivyokuwapo ila katika karatasi. Ilirudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na halmashauri 10, miongoni mwao majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, zikachaguliwa kuanza kuitoa kwa njia ya benki. Muda wote wa kusimamishwa, mama muuza samaki aliyerejesha mkopo wake kwa uaminifu alifungiwa mlango pamoja na kikundi hewa. Basi, ndugu zetu, upendeleo na udanganyifu haumdhuru aliyenyimwa peke yake. Huubomoa mfuko wenyewe.

Sheria ile ni ya Bara, kwani serikali za mitaa si jambo la Muungano. Kwa hiyo haitufai kulisoma gazeti la Dar es Salaam na kudhani tumeahidiwa sisi. Yatupasa tuulize hapa hapa, katika Baraza la Jiji na katika manispaa zetu: mwaka huu fungu gani limetengwa kwa wafanyabiashara wadogo, limetolewa kiasi gani, na wamepewa nani?

Sasa mwanachama afanye nini? Twashauri mambo matatu.

La kwanza, karatasi. Kitambulisho, leseni au kibali cha biashara, akaunti ya benki, na daftari la mauzo na matumizi la kila siku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila khabari, nasi twaongeza kwamba ombi bila daftari hukataliwa kwa haki, na tukikataliwa kwa haki hatuna la kulalamikia.

La pili, umoja. Watu watano wanaojuana kwa kazi, wenye katiba fupi, mweka hazina na akiba yao wenyewe, husikilizwa kuliko mtu mmoja mwenye shida. Kikundi kiundwe kwa ajili ya kazi, kisiundwe kwa ajili ya mkopo. Na asikatazwe mtu kuingia kwa sababu ya chama chake, maana hatuwezi kulaani ubaguzi barazani na kuutenda dukani.

La tatu, maandishi. Ombi lipelekwe kwa barua, nakala ibaki, na tarehe ya kupokelewa igongwe muhuri. Ikiwa ofisa yeyote atataka kuona kadi ya chama, aombwe kwa adabu aliandike sharti hilo. Hataliandika. Nanyi leteni khabari hiyo tawini, pamoja na siku na mahali, ili wawakilishi na madiwani wetu wapate la kuuliza.

Tena tudai jambo moja ambalo halina gharama: orodha ya waliopewa, jina la kikundi, kiasi na shehia, ibandikwe ubaoni katika kila ofisi ya sheha. Mwenye haki hatalionea haya jina lake.

Twayasema haya kwa kuwa fedha hizi ni zetu sote. Mwaka 2021 Tanzania ilikopa dola zipatazo milioni 567 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa ili kukabili athari za Korona, na sehemu yake ikaletwa Zanzibar. Deni lile litalipwa kwa kodi ya sote, ya mwenye kadi hii na ya mwenye kadi ile. Basi na faida yake nayo isiulize kadi.

Wako miongoni mwenu waliokata tamaa, wasemao, "Sisi hatupewi, basi hatuombi." Twawasihi waombe. Asiyeomba hawezi kuthibitisha kwamba alinyimwa, na chama hakiwezi kumtetea mtu ambaye jina lake halimo katika daftari lolote. Fomu zichukuliwe wiki hii, na makatibu wa matawi wamsaidie kila asiyejua kuzijaza, awe mwanachama au asiwe.