TIKITI NI DENI

(Hotuba iliyosomwa na mfanyakazi mmoja wa reli mbele ya wanachama, Kambu)



Ilipotangazwa kwamba nitasema juu ya abiria wanaonyimwa viti vyao katika ndege, ndugu mmoja aliniuliza, "Sisi watu wa reli tuna shauri gani na eropleni?" Swali lake ni la haki, na nitalijibu kwanza.

Tuna mashauri mawili. La kwanza, watoto wetu wanasafiri. Siku hizi hapana kijiji katika Makueni wala Kitui kisichokuwa na kijana aliyekwenda kufanya kazi Riyadh, Doha au Dubai. Kijana huyo hutoka hapa Kambu, akaenda zaidi ya kilomita 200 mpaka Nairobi, na nauli yake pengine imetokana na mbuzi waliouzwa na deni la chama cha akiba. Akiambiwa pale uwanjani kwamba kiti chake hakipo, hana ndugu mjini wa kumlaza, na tajiri wake kule anamngojea siku iliyoandikwa. La pili, anayemwambia maneno hayo ni mfanyakazi kama sisi, naye ndiye anayetukanwa kwa kosa asilolitenda.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Tuseme ndege ina viti 100. Kampuni imeangalia daftari zake za safari zilizopita, ikaona kwamba kila safari watu kama 6 walionunua tikiti hawatokei: mmoja ameugua, mwingine amechelewa njiani, mwingine amebadili shauri. Basi kampuni inauza tikiti 106. Wasipotokea 6, ndege inaondoka imejaa barabara na kila mtu ameketi. Lakini siku moja wanakosekana 4 tu. Watu 102 wamesimama mlangoni, na viti ni 100. Watu wawili watabaki chini, nao wana tikiti mkononi, wamelipa, wamefika mapema, hawana hatia yo yote.

Wenye kampuni wana maneno yao, na ni vizuri tuyasikie. Wanasema kiti kikienda kitupu ni hasara, na hasara hiyo ingepandisha nauli ya wote. Maneno hayo yana kweli ndani yake. Lakini tazameni hesabu hii. Mwenye tikiti ya bei rahisi asipotokea, mara nyingi harudishiwi nauli yake. Kwa hiyo kile kiti chake kimekwisha kulipiwa, na kampuni imekiuza tena kwa mtu mwingine. Kiti kimoja, nauli mbili. Faida inaingia mfukoni mwa kampuni kila siku, na siku hesabu inapokosea hasara inamwangukia yule abiria aliyesimama mlangoni. Mimi nasema, anayekula faida ya mchezo na alipe pia hasara yake.

Ndugu zangu, sisi twaijua hali hii kwa sura nyingine. Mnakumbuka matatu za zamani, jinsi watu walivyobanana kama maharagwe katika gunia. Katika Februari 2004 zikaanza kutumika amri za Waziri Michuki: nissan ya abiria 14 ichukue 14, na kila mtu awe na mkanda. Kwa matatu, abiria wa ziada hupakiwa, na hatari ni ya wote. Kwa ndege hilo haliwezekani, hapana kusimama; kwa hiyo wa ziada huachwa. Dhambi ni ile ile moja, kuuza nafasi usiyokuwa nayo.

Na hapa barabarani Kambu tumeiona. Wakati wa sikukuu ya Desemba mtu hulipa nauli kwa simu ili basi litokalo Mombasa limchukue njiani. Basi likifika, kiti chake kimekaliwa na mtu wa Mtito Andei aliyelipa fedha taslimu na zaidi. Utingo anasema, "Ngoja la nyuma." La nyuma nalo limejaa. Mama anakaa juu ya mizigo yake na watoto mpaka usiku. Hapana anayemwomba radhi, wala anayemrudishia senti. Kwa upande wa gari la moshi la reli mpya lililoanza mwaka 2017, tikiti huandikwa behewa na namba ya kiti, na mtu anajua mahali atakapoketi kabla hajatoka nyumbani. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha ya kuwa kuuza kwa haki kunawezekana.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mpaka mji wa Chicago katika Marekani. Tarehe 9 Aprili 2017, siku ya Jumapili, abiria walikuwa wamekwisha kuketi katika ndege ya United Express namba 3411 iendayo Louisville. Kampuni ikataka viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wake waliotakiwa kule. Ikawaahidi abiria dola 400 kwa atakayeshuka, halafu 800. Hapana aliyekubali. Basi wakachaguliwa watu wanne. Watatu wakashuka. Wa nne, Daktari David Dao, mzee wa miaka 69, akakataa akisema ana wagonjwa wanaomngojea asubuhi. Wakaitwa askari wa uwanja, wakamtoa kitini kwa nguvu na kumburura katikati ya ndege. Akavunjika pua na kung'oka meno mawili. Abiria wengine walipiga picha kwa simu zao, na dunia nzima ikaona.

Sikilizeni mambo yaliyofuata, maana hapo ndipo penye somo letu. Mkuu wa kampuni, Bwana Oscar Munoz, kwanza aliwaandikia wafanyakazi wake barua iliyomlaumu abiria. Watu walipokasirika, akaomba radhi, na baadaye akakiri kwamba waliowekwa mbele ya abiria hawakuwa wamepewa uwezo wa kutumia akili zao. Katika mwezi ule ule kampuni ikapatana na yule daktari, na ikatangaza kwamba abiria atakayekubali kuacha kiti chake aweza kulipwa hata dola 10,000. Fedha hizo zilikuwako siku zote! Zingeahidiwa mapema, labda mtu angesimama kwa hiari, na damu isingemwagika. Na ni nani waliofukuzwa kazi? Askari wawili wa uwanja. Siwatetei. Lakini ile sheria ya kwamba karani asiahidi zaidi ya kiasi fulani haikutungwa na askari wala karani. Ilitungwa ofisini, na wa ofisini hawakuwako mlangoni siku ile.

Je, dawa ipo? Ipo, tena ni ya siku nyingi. Mwaka 1972 mwanasheria mmoja wa Marekani, Ralph Nader, alinyimwa kiti katika ndege ya Allegheny ingawa alikuwa na tikiti. Akashtaki. Mwaka 1976 Mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ikasema kwamba abiria aweza kuipeleka kampuni kortini kwa kumficha kwamba inauza tikiti kupita viti. Kabla ya hapo, mwaka 1968, bwana mmoja mwenye elimu ya uchumi, Julian Simon, alikwisha kutoa shauri jepesi: fanyeni mnada. Viti vikipungua, kampuni iwaulize abiria ni nani atakayekubali kungoja, na kwa fedha ngapi. Asiye na haraka atashuka akifurahi, na mwenye haraka atasafiri. Kampuni zilimcheka. Miaka kumi ikapita, na serikali yao ikaifanya kuwa kanuni kwamba wanaokubali kwa hiari watafutwe kwanza.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilitunga sheria mwaka 2004, ikaanza kutumika Februari 2005. Anayenyimwa kiti bila kupenda hulipwa euro 250, 400 au 600 kwa kadiri ya urefu wa safari, na juu yake hupewa chakula, mahali pa kulala akilazimika kungoja usiku, na kuchagua kurudishiwa nauli au kupelekwa aendako. Sheria hiyo humlinda kila atokaye katika uwanja wa Ulaya, kwa ndege ya kampuni yo yote. Kwa aendaye Ulaya humlinda tu ikiwa kampuni ni ya Ulaya. Basi mwangalie ajabu: Mkenya akitoka Paris kuja Nairobi kwa ndege yetu wenyewe, analindwa na sheria hiyo. Akitoka Nairobi kwenda Paris kwa ndege ile ile, haimlindi. Haki ya mtu imekuwa na upande mmoja kama shuka fupi.

Hata hivyo sisi hatukuachwa uchi. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupewa habari za kweli na ya kulipwa fidia kwa hasara iliyompata. Iko Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Iko Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili.

Kwa hiyo nawapeni maneno haya mkawaambie watoto wenu. Mtu akinyimwa kiti, asipigane wala asimtukane karani. Aombe sababu iandikwe kwa maandishi. Aulize, "Mmewatafuta wanaokubali kwa hiari?" Aitunze tikiti, na kila risiti ya chakula na malazi, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Na asitupe vitu hivyo kwa hasira akifika nyumbani, kwa kuwa ndio ushahidi wake.

Na kwa upande wetu sisi wa vyama, naomba tuwaunge mkono wenzetu wa viwanja vya ndege katika mambo matatu. Kwanza, kampuni iseme wazi, wakati wa kuuza tikiti, kwamba inauza kupita viti. Pili, karani wa mlangoni apewe ruhusa na fedha za kumlipa abiria pale pale, bila kungoja simu ya mkubwa. Tatu, pasiwe na mfanyakazi atakayeadhibiwa kwa kumweleza abiria haki yake.

Wazee wetu walisema ahadi ni deni, na sisi twajua dawa ya deni ni kulipa. Tikiti ni ahadi iliyokwisha kulipiwa. Mwenye kuiuza, awe na ndege au basi la Mombasa, ni mdaiwa mpaka abiria ashuke aendako.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Mwenye swali aulize, na Bwana Mwenyekiti akiruhusu tutalijibu pamoja.