Homa Wakati wa Kemotherapi: Usingoje Asubuhi

  Leo tunazungumza na mama anayetibiwa saratani ya matiti kwa kemotherapi, pamoja na wewe unayemuuguza nyumbani.

Dawa hizi hushambulia chembe za mwili zinazokua haraka. Saratani hukua haraka, lakini pia nywele, ngozi ya mdomo na damu. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele na kutoka vidonda mdomoni. Nywele kwa kawaida huota tena baada ya matibabu. Kwa vidonda, sukutua mara kadhaa kwa siku: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji vuguvugu. Dawa ya kuzuia kutapika imeze kwa saa ulizoambiwa. Usingoje utapike kwanza. Kula kidogo kidogo, mara nyingi: uji, ndizi, viazi vilivyopondwa.

Hayo yanavumilika. Lakini homa, mama, usiivumilie.

Chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa. Tuseme mama alitiwa dawa Jumatatu. Jumatano ya wiki ya pili, usiku, anatetemeka. Jirani anasema ni malaria. Mtoto anatumwa dukani kununua vidonge vya homa. Joto linashuka, watu wanalala. Kumbe viini vinaenea katika damu, na kufikia asubuhi mama amezidiwa.

Kwa hivyo weka kipimajoto nyumbani. Kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, au mama akitetemeka kwa baridi, nendeni hospitali usiku huo huo. Msimpe vidonge vya kushusha homa kwanza, kwa maana vitaificha. Mkifika, semeni mara moja: "Huyu yuko kwenye kemotherapi." Onyesheni kitabu chake cha kliniki. Anahitaji dawa ya kuua bakteria bila kuchelewa.

Safari ya usiku hupangwa mchana. Kabla ya dawa ya kwanza, kaeni kama familia mjiulize: nani ana nambari ya mwenye gari? Nani atabaki na watoto? Nauli imewekwa wapi? Je, usajili wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024, umekamilika?

Nawe mama, usijifiche kwa aibu. Saratani haiambukizwi. Mwambie dada yako, shemeji, au rafiki mmoja wa chama. Anayetaka kusaidia mpe kazi: huyu achote maji, yule apike, mwingine akusindikize kliniki. Muulize muuguzi pia kama kuna kikundi cha akina mama waliopitia matibabu haya. Aliyekwisha kuvuka mto anajua penye kina.