Fidia ya Dhoruba na Daftari la Mkulima



Leo tuzungumze juu ya serikali kuwalipa wakulima na wenye mashamba ya miti waliopatwa na maafa. Twende Marekani, jimbo la Florida. Tarehe 10 Oktoba 2018, dhoruba iliyopewa jina la Michael ilitoka baharini ikapiga jimbo hilo. Upepo ulikwenda kilomita 260 hivi kwa saa. Pamba iliyongoja kuvunwa iliharibika. Miti ya paini ilivunjika kama mabua.

Mti wa mbao unatunzwa miaka 25 au zaidi. Si mahindi, useme utapanda tena masika. Na mti ulioanguka haungoji. Wadudu wanaingia, ukungu unaharibu ubao, na kwa kuwa kila jirani ana miti chini siku ile ile, bei inashuka.

Je, serikali ilisaidia? Ndiyo, ila si upesi. Sheria ya fedha za maafa hayo ilipitishwa Juni 2019, karibu miezi minane baadaye. Kwa wenye miti, serikali kuu na jimbo walikubaliana juu ya dola zaidi ya milioni 380 mwaka 2020. Hebu piga hesabu: muda wote huo mtu huyo alikula nini?

Kungoja ni taabu moja. Taabu ya pili ndiyo iliyotufanya tuseme nanyi leo. Kule fedha hazigawiwi kwa kutazama nani analia sana. Afisa anauliza: Shamba ni la nani? Ulipanda ekari ngapi? Mfugaji naye, upo mpango wa kumlipa asilimia 75 ya bei ya soko kwa mnyama aliyekufa katika maafa. Lakini lazima aonyeshe alikuwa na wangapi kwanza, na wangapi wamekufa. Zinatakiwa picha, risiti, daftari la mifugo. Aliyehesabu ng'ombe wake kichwani tu ana kazi.

Tena sikilizeni hili. Katika majimbo ya kusini familia nyingi, hasa za Wamarekani weusi, zinalima ardhi ya babu aliyekufa bila kuacha wosia. Majirani wote wanajua ardhi ni yao, lakini hati ina jina la marehemu. Kwa miaka mingi wengi wao walishindwa kupata namba ya shamba katika ofisi ya kilimo, na bila namba hiyo hakuna msaada. Sheria ya kilimo ya mwaka 2018 ililegeza jambo hili: wanaweza kuleta karatasi nyingine za kuonyesha kwamba wao ndio wanaoendesha shamba. Karatasi tena!

Sisi wa elimu ya watu wazima tunaulizwa mara nyingi: "Mwalimu, kusoma nimejua, sasa niandike nini?" Basi andika hayo. Ekari zako, siku uliyopanda, miti mingapi, mbuzi aliyezaliwa na aliyekufa. Risiti usiwashie moto. Kama baba amefariki, kaeni ndugu wote mwandike nani analima wapi, kabla hamjagombana. Hatuwaahidi fidia.

Daftari litie katika mfuko wa nailoni. Nakala ya pili mpe ndugu anayekaa mbali kidogo, maana mafuriko yakichukua nyumba yanachukua na daftari.

Darasa lijalo kila mmoja aje na daftari jipya na rula. Tutapiga mistari pamoja.