Magadi na Kitengela

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Wengi wenu mwakaa Kitengela, na Magadi hamjafika, ingawa kaunti ni moja, Kajiado. Sisi wa reli twaijua njia yake, basi tumeombwa tuseme habari zake.

Magadi ni mji wa pwani usio na bahari. Uko kando ya ziwa, chini katika Bonde la Ufa, na joto lake si la mchezo. Watu walipelekwa huko na magadi yaliyoganda ziwani, ambayo hutengenezea kioo na sabuni. Kampuni iliundwa mwaka 1911, ikajengwa reli ya maili 90 hivi kutoka Konza kupitia Kajiado. Tangu 2005 wenyewe ni Tata Chemicals wa India.

Reli hiyo ina tabu yake. Konza iko juu kuliko Magadi kwa kiasi cha meta elfu moja. Kwa hiyo mabehewa matupu huteremka, na yaliyojaa hupanda mlima, ndipo yashike njia ya Mombasa. Apangaye mzigo wa injini huhesabu mlima kwanza.

Lakini jambo kubwa ni hili: mwajiri mkubwa ni mmoja tu. Nyumba nyingi ni zake. Maji huja kwa mabomba kutoka mto Oloibortoto, huko Nguruman. Na bei ya magadi hukatwa mbali, katika soko ambalo Wyoming ya Marekani na Uturuki huuza mengi kuliko sisi. Mwaka 2014 kiwanda cha magadi safi kilifungwa, watu wakaachishwa. Mtu akiachishwa Athi River hubisha mlango wa kiwanda cha pili. Huko Magadi mlango wa pili ni ziwa.

Kitengela ni kinyume. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata zaidi ya 150,000, katika mji ambao wazee waliujua kuwa malisho na njia ya wanyama watokao mbuga ya Nairobi. Saruji na viwanda vya EPZ, ng'ambo ya mpaka wa Machakos, vimewavuta watu. Waajiri ni wengi, lakini kodi ni yako, na maji wengi hununua kwa lori. Anunuaye ploti na aitazame hati kwanza, fedha baadaye.

Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri atoe nyumba au posho ya kutosha. Kazi ikipunguzwa, chama kipewe notisi ya mwezi mmoja, na mtu alipwe si chini ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumika. Hiyo ni fedha. Je, watoto walio shuleni watalala wapi mwezi ule? Twataka mapatano yetu yataje miezi ambayo jamaa ya mtu aliyepunguzwa itakaa katika nyumba ya kazi. Sisi twasema mitatu. Wengine husema sita.

Wanaokaa nyumba za kazi wampe Katibu majina yao kabla ya mkutano ujao, na idadi ya watoto.