Damu Inapoganda Wakati wa Ugonjwa wa Mapafu



Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 (korona) nchini mwetu Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Baadaye madaktari waliona kwamba virusi vya ugonjwa huu haviishii mapafuni. Mwili unapopigana navyo, kuta za mishipa zinaumia na damu inaganda kupita kawaida. Mgonjwa aliyelala siku nyingi yuko hatarini zaidi, kwa kuwa damu ya miguuni inatembea polepole. Donge la damu la mguuni linaweza kusafiri hadi mapafuni na kuziba mshipa. Donge likiziba mshipa wa ubongo, linaleta kiharusi.

Dawa ya kuzuia damu isigande ipo: sindano ya heparini. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kipimo kikubwa kiliwafaa waliolazwa wakiwa hawajawa mahututi, lakini hakikuwafaa mahututi. Dawa ikizidi, mtu anaweza kuvuja damu. Basi daktari ndiye apime, usijitibu kwa dawa za sokoni.

Wewe unayemlinda mgonjwa, msaidie kukunja na kunyoosha miguu, na atembee daktari akiruhusu. Mwite muuguzi mara moja ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, kifua kinachoma ghafla, pumzi inakatika, anakohoa damu, au upande mmoja wa mwili umelegea. Dalili hizi zinaweza kuja hata baada ya kurudi nyumbani. Zikitokea, mpelekeni hospitalini saa hiyohiyo, msingoje kesho.