Aliyeumizwa na Motokaa, Nani Atamlipia Hospitali?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Mtongwe)



Sisi wafanya kazi wa reli tukaao Mtongwe, kazi yetu iko ng'ambo. Kila siku twapanda matatu, tuk-tuk au bodaboda mpaka Likoni, twavuka, kisha twapanda tena. Hatari ya safari twaijua. Mtongwe haijasahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka wakafa watu 272. Lakini leo hatusemi habari ya maji. Twasema habari ya barabara, na ile karatasi inayokuja baada ya jeraha, yaani hesabu ya hospitali. Mfupa huunga kwa miezi, lakini deni huweza kukaa nyumbani miaka.

Jambo la kwanza ni kutibiwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu ye yote asinyimwe matibabu ya dharura. Haisemi mwenye fedha. Yasema mtu ye yote. Hata hivyo mwezi wa Oktoba 2015 mtu mmoja aliyegongwa na motokaa karibu na Nairobi alikaa saa 18 ndani ya gari la wagonjwa, akipelekwa hospitali hii na hii bila kupata kitanda, akafa. Sheria ilikuwapo, lakini hakupona kwayo. Kwa hiyo mwenzetu akiumia asipelekwe peke yake. Aende naye mtu mwenye sauti, aitaje Katiba pale mlangoni, na akikataliwa aandike saa na jina la aliyekataa.

Jambo la pili ni kuzuiliwa. Mwezi wa Septemba 2015 Mahakama Kuu ilihukumu kwamba wanawake waliozuiliwa Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya deni la hospitali, walizuiliwa kinyume cha sheria. Deni ni deni, na hospitali yaweza kulidai kama wadai wengine. Lakini mwili wa mtu si rehani.

Sasa, nani alipe? Wengi wetu husema, “Motokaa ina bima, bima italipa.” Ni kweli nusu. Sheria yamlazimisha kila mwenye motokaa au pikipiki kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine atakaowaumiza, na kwa mtu mmoja mwisho wake ni shilingi milioni 3. Lakini bima hiyo ni ya mwenye gari. Hulipa ikisha kuonekana kwamba kosa ni la upande wake, kwa mapatano au kwa hukumu. Hospitali haingoji hukumu. Yataka fedha zake wiki hii. Hapo katikati ndipo mfanya kazi anapouza minazi na cherehani ya mkewe.

Tena, abiria aliyelipa nauli katika matatu au bodaboda amo katika bima hiyo ya lazima. Aliyepakiwa bure na rafiki katika gari la nyumbani, sheria haikulazimisha awemo. Lifti ya bure yaweza kuwa ghali kuliko nauli.

Mlango wa pili ni kazi. Ukiumia ukiwa kazini, hata kama ni barabarani umetumwa, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kugharimia matibabu yako na kukulipa fidia. Mwambie mkubwa wako upesi, kwa maandishi. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha.

Mlango wa tatu ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyoshika mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kila mwezi. Basi ni fedha zetu. Mke na watoto waandikishwe leo, si siku ya ajali. Lakini hailipi kila kitu po pote, kwa hiyo uliza mapema ni kiasi gani kitakachobaki juu yako.

Ndugu, wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mbele ya mahakama, gharama za hospitali hurudishwa zikithibitishwa kimoja kimoja. Invoisi si risiti. Invoisi yasema unadaiwa. Risiti yasema umelipa. Hata fedha za mchango wa jamaa zikilipwa, itakiwe risiti yenye jina la mgonjwa. Weka pamoja risiti zote, hata ya dawa. Karatasi za daktari. Abstrakti ya polisi. Fomu ya P3. Namba ya motokaa na jina la kampuni ya bima. Dai la ajali ya barabara lina miaka 3 kufika mahakamani. Ikipita, mlango umefungwa.

Jihadharini na mtu ajaye wodini na kalamu. Mmoja atasema ni wakili wako, mwingine atasema, “Pokea hizi elfu ishirini, weka sahihi, mambo yaishe.” Na kweli yataisha, maana karatasi ile huweza kukufungia madai yote yaliyobaki. Mtu mwenye maumivu asitie sahihi kabla ya mwenzake kumsomea.

Kwa hiyo twaomba tawi likubali mambo matatu. Kwanza, wachaguliwe wajumbe watatu wa kwenda hospitali siku ile ile mwanachama anapoumia. Pili, liwekwe daftari la ajali lenye tarehe ya kila dai, ili miezi 12 na miaka 3 isitupite tukilala. Tatu, mchango wetu usingoje msiba. Iwe akiba ndogo kila mwezi, ya kumsaidia mwenzetu mpaka bima ilipe, na bima ikilipa airudishe, ipate kumfaa mwingine.

Hatuwezi kusimamisha motokaa zote za Likoni. Lakini twaweza kuzuia mwenzetu asiumizwe mara ya pili na karatasi.

Umoja ni nguvu.